Lori Lisilozimwa

Kampuni ilipotangaza kwamba itapunguza hewa ukaa kwa nusu, watu wa kiwandani waliuliza swali moja tu: hiyo hewa inakaa wapi? Hakuna aliyewajibu. Wakuu wakamchukua mwanamke mmoja kutoka idara ya umeme, wakampa chumba chenye dirisha lisilofunguka, wakampa na cheo kirefu ambacho hata yeye mwenyewe alikitamka kwa kupumzika njiani. Madereva hawana subira na vyeo virefu. Wakamwita Bi Hewa, na jina likamganda.

Kazi yenyewe, jamani, si ya kumtakia mtu unayempenda. Kampuni ilitengeneza sabuni, mafuta ya kupikia na unga. Ilikuwa na maghala, vyumba vya baridi, boila yenye ukubwa wa nyumba, na malori yaliyosambaza vitu hivyo vyote kila pembe. Bi Hewa alizunguka kote huko kama mtu aliyepoteza funguo. Alifunga milango ya vyumba vya baridi, watu wakaiacha wazi. Alitundika mapazia ya plastiki, wakayafunga fundo ili matoroli yapite. Alibandika karatasi za kuwakumbusha watu wazime taa, na chini ya mojawapo mtu akaandika, "Mishahara mmeshazima, bado taa tu." Alipigania boila ya sabuni iache kuchoma mafuta mazito, kikao kikazaa kikao, kikao kikazaa wajukuu, na ilipobadilishwa hatimaye, mkuu wa sabuni akamnunia mpaka akastaafu. Baada ya jasho lote hilo moshi ulipungua kidogo tu, kama mtu mnene aliyevua saa ya mkononi kabla ya kupanda mizani. Bi Hewa alichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umekwisha, bali ule unaoamka nao na kuvaa nao viatu.

Kisha moshi ukashuka wenyewe, kwa mkupuo, na yeye hakuugusa.

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi aliamua kwamba kampuni haitamiliki malori tena. Madereva wote wakapunguzwa kazi, na badala ya kiinua mgongo kila mmoja akapewa lori alilokuwa akiliendesha. Siku ya pili yake kampuni ikawaita walewale, na malori yaleyale, wabebe mzigo uleule, ila sasa kama watu wa nje wanaokodiwa. Pampu ya dizeli ya uani ikafungwa kwa mnyororo. Kwa kuwa Bi Hewa alihesabu moshi wa malori kwa dizeli iliyotoka kwenye pampu ile, moshi wa malori ukatoweka. Ukiangalia hesabu ungesema malori yameacha kula.

Alimwendea mkurugenzi, mtu mwenye tabasamu la kudumu, hata msibani huwa nalo.

"Mkurugenzi, moshi haujapungua. Umehama."

"Umehamia wapi?"

"Kwa madereva."

"Basi si wetu," alisema mkurugenzi kwa upole. "Dada, umehangaika sana. Pumzika. Funika kombe mwanaharamu apite."

Bi Hewa alikuwa na mdomo, tena mkali, mkuu wa sabuni angekuwa shahidi. Lakini siku ile aliufunga, akarudi kwenye chumba chake cha dirisha bovu. Sababu ni moja. Wanunuzi wakubwa wa sabuni, wale walioitaka kampuni ipunguze moshi, walikuwa wamesema wazi: lori lolote la kampuni litakalobeba mzigo wao liwe na injini mpya. Kuyahesabu malori yale makuukuu kungekuwa ni kuyafukuza. Na mmoja wa wale madereva alikuwa mume wake.

Akanyamaza, basi. Na kunyamaza nako kunachosha kuliko kusema, muulize yeyote aliyejaribu.

Mume wake, madereva wenzake walimwita Taratibu. Hakuwa mvivu. Alikuwa mtu wa kumpisha kila aliye barabarani, hata kuku, na honi aliiona ni utovu wa adabu. Lori lake alilibatiza Kiinua Mgongo, akalipaka rangi upya kwa mkono wake mwenyewe, na Ijumaa jioni aliliosha kana kwamba linakwenda kuposa. Liliwalisha. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni kwa sababu ya lori lile, maana mshahara wa Bi Hewa, licha ya urefu wa cheo, ulikuwa mfupi.

Ila lori lilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulikuwa wa malori yote ya kampuni. Kampuni iliyatoa stata za kuwashia injini zikiwa zimeshachoka, na zilipokufa hakuna aliyemudu kuzibadilisha. Kila dereva alitafuta mteremko karibu na kwake, akaegesha hapo, na asubuhi akaliachia lori literemke mpaka liwake. Likishawaka halizimwi. Linanguruma wakati wa kupakia, linanguruma kwenye foleni ya geti, linanguruma dereva akila, mpaka jioni lirudi kwenye mteremko wake. Wakawa na msemo wao: kuzima ni kufa. Ukizima lori getini, wenzako watakusukuma, lakini watakucheka mwaka mzima.

Mteremko wa Taratibu ulikuwa mbele ya nyumba yake. Kila alfajiri Kiinua Mgongo kiliteremka hatua chache, kikakohoa, kikawaka, na kikasimama chini ya dirisha la chumba cha mbele kupasha injini. Katika chumba hicho alilala mama yake Taratibu, mama mkwe wa Bi Hewa. Dirisha lake lilikuwa limepinda fremu, halikufunga sawasawa, na moshi ulikuwa mgeni wa kila siku usiobisha hodi.

"Shikamoo mama. Umelalaje?" Bi Hewa angeuliza.

"Marahaba, mwanangu. Nimelala vizuri. Kifua tu, vumbi hili."

"Si vumbi, mama. Ni moshi. Hamia chumba cha nyuma."

"Nikikaa nyuma nitajuaje nani kapita na nani?" Bibi huyo hakukubali kupitwa na jambo la mtaa. Halafu angeongeza, sasa bila mzaha, "Nikisikia lori limewaka najua mwanangu kaenda kazini. Moyo unatulia. Baba yake alikaa bila kazi miaka mingi, nyumba ilikuwa kimya kama kaburi. Acha lingurume."

Bi Hewa angebeba mkoba wake na kuondoka. Mwanamke ambaye kazi yake ni kupunguza moshi, na ameshindwa kuuondoa chumbani kwa mama mkwe wake. Alijionea aibu, tena kila siku.

Sasa wanunuzi wakatuma habari kwamba wanakuja kujionea wenyewe. Mkurugenzi akaagiza ukumbi upakwe rangi, miti ya uani ioshwe majani, na Bi Hewa asimame awasomee jinsi moshi ulivyopungua kwa nusu.

"Na sitaki lori hata moja getini siku hiyo," alisema. "Wakiona foleni ile ya ngurumo wataanza maswali."

Bi Hewa ndiye aliyetuma ujumbe kwenye simu za madereva. Aliandika: Kesho malori yote yakae mbali na geti mpaka yaitwe. Lori lisikaribie geti kwa sababu yoyote ile. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza kwa kuwa aliwajua madereva, watu wasiokosa sababu. Akamsomea na mlinzi wa getini, mtu mmoja mwembamba anayeheshimu maagizo kuliko wakwe zake.

Jioni hiyo Taratibu alikuja na simu mkononi wakati mkewe akipiga pasi gauni la kesho.

"Eti kuna mwanamke anaitwa Bi Hewa anatufukuza getini," alisema. "Wewe unamjua?"

"Namjua. Mkorofi sana."

"Muulize basi, hiyo mbali ni wapi? Tunasubiri wapi sisi?"

"Popote, baba watoto. Ilimradi msionekane."

"Popote," Taratibu alirudia. Alikaa kitandani akimtazama anavyopeleka pasi. "Na kesho utawaambia moshi umepungua?"

"Nitawaambia."

Hakumwambia kwamba ni sawa wala kwamba si sawa. Alisema tu, "Basi waambie vizuri, usitetemeke. Mimi na Kiinua Mgongo tunakutegemea." Bi Hewa aliendelea kupiga pasi mahali ambapo palikuwa pameshanyooka.

Asubuhi aliondoka mapema kwa miguu. Geti la kampuni lilikuwa kimya hata ndege walisikika, jambo ambalo watu wa pale walikuwa hawajawahi kulisikia. Wageni walifika, wakatembezwa kwenye boila mpya, wakaonyeshwa vyumba vya baridi ambavyo siku hiyo vilifungwa milango kama vya hazina. Mkuu wao alikuwa mama mrefu, mpole, mwenye kuuliza kidogo na kusikiliza sana. Wakaingia ukumbini. Mkurugenzi akatabasamu, akamkaribisha Bi Hewa.

Akasoma. Boila, imepungua. Taa, zimepungua. Vyumba vya baridi, vimepungua. Sauti yake ilitoka sawasawa, haikutetemeka, na hilo lilimuumiza zaidi. Akafika kwenye usafirishaji.

Hapo ndipo aliposikia injini. Mke wa dereva huijua injini ya nyumbani kama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Ilikuwa Kiinua Mgongo, na ilikuja kwa kasi ambayo Taratibu hakuwahi kuendesha tangu amuoe. Halafu ikalia honi.

Mkurugenzi alimwonyesha kwa jicho aendelee. Akasoma nusu sentensi. Honi ikalia tena, ndefu, mtu ameiegemea haiachi. Bi Hewa aliweka karatasi mezani na kutoka nje mbio, viatu vya kisigino na vyote, na ukumbi mzima ukamfuata, maana nani atabaki amekaa jambo likiwa nje?

Getini mlinzi alikuwa amesimama katikati, mikono imekunjwa.

"Nimemwambia hakuna ruhusa, Bi Hewa. Anasema kuna sababu. Nikamwambia kwa sababu yoyote ile, ndivyo ulivyosema."

Juu kwenye kiti cha abiria mama mkwe alikuwa ameegemea mlango, kitambaa cha kichwa kimeteleza, midomo imekuwa rangi ya majivu. Alikuwa akivuta pumzi kwa mabega. Zahanati ya kampuni, alikokuwa akitibiwa siku zote, ilikuwa ndani, nyuma ya ukumbi.

"Fungua," alisema Bi Hewa.

"Agizo—"

"Agizo ni langu. Nalivunja mimi. Fungua geti."

Lori likaingia. Likapita mbele ya wageni na miti iliyooshwa, likaacha moshi mzito mweusi uliofunika uwanja wote, likasimama kwenye mlango wa zahanati likiendelea kunguruma. Muuguzi na Taratibu wakamteremsha mama wakamkimbiza ndani, Bi Hewa akikimbia pembeni huku amemshika mkono. Alivalishwa barakoa ya hewa. Baada ya muda ambao Bi Hewa hakuweza kuupima, mabega ya bibi yakaanza kutulia. Muuguzi akawaambia wampe nafasi, atapona, lakini ilibaki kidogo tu asirudi.

Walitoka nje, mume na mke, wakasimama kando ya lori.

"Ilikuwaje?" aliuliza Bi Hewa.

Taratibu alikuwa akifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Ulisema popote. Wenzangu hawana mahali penye mteremko karibu na hapa. Nikawaambia njooni kwangu. Wakaja wote. Wamejipanga kuanzia kona mpaka dukani, na unajua hakuna anayezima. Tumekaa nje tunapiga soga, mama yuko ndani. Nimeingia kumpelekea chai..." Akafuta mikono tena. "Lile dirisha nilisema nitalirekebisha."

"Mimi ndiye niliyewafukuza getini."

"Na mimi ndiye niliyewaleta mlangoni."

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na mwenzake. Na hapo ndipo mkurugenzi alipofika na wageni nyuma yake, na yule mama mrefu akauliza, kwa upole wake uleule, kama mgonjwa anaendelea vizuri. Akaambiwa ndiyo. Kisha akalitazama lori linalotikisika peke yake na kuuliza, "Na hili ni lori la nani?"

"La mtu binafsi," mkurugenzi alidakia. "Tunawakodi tu. Halimo kwenye hesabu zetu, halituhusu."

Bi Hewa alimgeukia mumewe. Aliona kwamba ameelewa. Dereva hakusoma vitabu vya hewa ukaa, lakini masharti ya injini mpya aliyajua, kila dereva aliyajua, walikuwa wakiyaongelea kwenye foleni kama watu wanavyoongelea mauti. Taratibu aliutazama mlango wa zahanati, akamtazama mkewe, akateremsha macho chini. Hakumkataza. Laiti angenikataza, Bi Hewa aliwaza, ningekuwa na wa kumlaumu.

"Linatuhusu," alisema Bi Hewa. "Linabeba sabuni yenu kila siku ya Mungu. Moshi wake ni wa kampuni na mimi sikuuhesabu. Yapo na mengine. Yako mtaani kwangu, yananguruma, yanangoja ninyi muondoke."

Tabasamu la mkurugenzi lilibaki palepale, ila lilikuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Wewe unayesikiliza pengine unangoja afukuzwe kazi. Wapi. Mkurugenzi si mtu wa kushindwa kirahisi hivyo. Palepale mbele ya wageni alimshika Bi Hewa begani, akatangaza kwamba huo ndio uadilifu wa kampuni, na watu wakapiga makofi. Wageni hawakuwa wabaya. Waliomba tu hesabu zifanywe upya, na malori ya zamani yasibebe tena mzigo wao. Kabla ya mwezi kuisha kampuni ilikodi malori mapya kutoka kwa tajiri mmoja wa usafirishaji, meupe, yasiyosikika yakipita. Safari hii moshi ulipungua kwelikweli. Wale madereva wakaambiwa wasije tena. Kwenye simu zao, pale alipotuma agizo lake, mmoja wao aliandika maneno mawili: Asante, shemeji. Bi Hewa aliyasoma akiwa ofisini, akafunga mlango, akalia. Hakulia kwa kujuta. Alilia kwa sababu alikuwa amechoka, na ukweli nao haukumpumzisha kama alivyodhani.

Taratibu hakumlaumu hata kwa mzaha. "Ungesema nini kingine, mama akiwa vile?" alisema mara moja, na hakulirudia. Alirekebisha dirisha likafunga vizuri. Alitafuta kazi za kubeba mchanga, akapata siku moja, akakosa siku tatu. Mama mkwe aliporudi kutoka zahanati, hawakumwambia kitu. Walisema lori liko kwa fundi, ingawa liliegeshwa palepale kwenye mteremko, upande wa pili asikoweza kuliona.

Alfajiri moja Taratibu aliamka saa yake ileile, mwili haujui habari za kupunguzwa kazi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akavaa kiatu kimoja, akakumbuka, akabaki na kingine mkononi. Bi Hewa alikuwa macho. Alimwangalia mgongo. Nje palikuwa na ukimya, na hewa iliyoingia dirishani ilikuwa safi, ndiyo ile aliyoihangaikia miaka yote, na haikumfurahisha.

Katika chumba cha mbele mama mkwe hakukohoa. Walimsikia akigeuka kitandani.

"Mwanangu," aliita. "Umeshaamka?"

"Nimeamka, mama."

"Mbona sikusikii ukiondoka siku hizi?"

Taratibu alikitazama kiatu. "Napumzika kidogo, mama."

Bibi alikuwa amewahi kuishi na mume asiye na kazi, hakudanganyika. "Haya," alisema. "Lakini hilo lori liwashe hata kidogo, nilisikie. Nyumba imekuwa kimya, usingizi haunipati."

Taratibu akamgeukia mkewe. Alimtazama kama dereva anavyomtazama mkubwa wa geti, akingoja kuambiwa pita au rudi.

"Lisukume kwanza mpaka kule kwenye kona," Bi Hewa alisema kwa sauti ya chini. "Mbali na dirisha. Ndipo uliwashe."

"Utalihesabu?"

"Nitalihesabu," alisema, akavaa kandambili, akatoka naye kwenda kusukuma.